Namna nlivopunguza kurudi tupu na kenta yangu hapa Unguja

Kwa wenzangu wenye kenta na fuso mnajua shida yetu ya hapa, mzigo wote unatoka upande mmoja. Saruji, mabati, unga, soda, vyote vinashuka bandarini Malindi au vinatoka maduka ya mjini, vinakwenda shamba na mahotelini, ukishashusha Nungwi unarudi na utingo wako na turubai basi. Mjini mpaka Nungwi ni karibu kilomita 60, Paje kama 50, kwa hiyo nusu ya dizeli yako unachoma kubeba upepo. Na usijidanganye eti bei ya kwenda ishafidia kurudi, mana kila mtu anapiga hesabu hiyohiyo halafu anakuja mwengine anashusha bei na mteja kashaondoka.

Mimi nlianza kama wengi, nafika naulizia maskani "jamani hakuna mzigo wa mjini?", nasubiri mpaka alasiri, napata mkungu wa ndizi na abiria wa bure. Hiyo sio biashara. Kilichonisaidia khasa ni kalenda ya Kiislamu ya ukutani, ile yenye tarehe za mwezi.

Iko hivi. Mizigo ya maana ya kurudi nayo kutoka pwani ni mwani na dagaa, na vyote viwili vinakwenda na mwezi. Mama zetu wa Paje na Jambiani wanashuka kwenye mwani wakati wa bamvu, maji yakitoka sana, yani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Wakishavuna wanauanika, jua likiwa zuri siku tatu nne umekauka, kwa hiyo ukihesabu kuanzia bamvu unajua lini mapolo, yani magunia ya mwani, yatakuwa tayari. Dagaa nao wanavuliwa kwa taa, mbalamwezi ikiwaka hawapatikani, basi Mkokotoni mzigo unakuwepo wakati wa giza, tuseme kuanzia tarehe 20 ya mwezi wa Kiislamu mpaka siku chache baada ya mwandamo. Wakishachemshwa na kuanikwa wanakuja mjini, wengi wao wanavuka bara na wengine wanafika mpaka Kongo.

Sasa badala ya kutafuta mzigo wa kurudi baada ya kushusha, mimi nafanya kinyume, naanza na wa kurudi ndo napanga wa kwenda. Mtu anaejenga Jambiani akitaka matofali na saruji namuuliza, ndugu yangu unaweza kungoja mpaka Alkhamis nikupunguzie? Wengi wanakubali, mana fundi mwenyewe hajafika. Chakula cha hoteli hicho hakingoji, hicho nakipeleka siku yake kwa bei kamili, nikirudi tupu nirudi tupu. Wa kurudi nawachaji kama nusu ya bei ya kwenda, kwasababu gari ilikuwa inarudi vyovyote, kilichoongezeka ni dizeli kidogo ya uzito na pesa ya wachukuzi.

Lakini kuna mambo ya kuangalia. Mwani mkavu ni mwepesi ila unajaza bodi upesi, kwa hiyo chaji kwa polo au kwa tripu, usichaji kwa kilo utalia. Usafi nao, mama mmoja aliniambia waziwazi, "Mwanangu, mwani wangu ukiingia vumbi la saruji mnunuzi ataukataa, fagia kwanza." Haya mama, tukafagia, na skuizi ufagio na turubai la kutandika chini vinakaa garini. Chumvi yake inakula bodi, ukishashusha osha kwa maji baridi, yani yasiyo ya chumvi, siku hiyohiyo. Dagaa ndo balaa zaidi, harufu haitoki, siku ya pili usitegemee kupakia magodoro ya hoteli, pakia mchanga au kokoto kwanza.

Na usikubali kuzunguka sana. Kutoka Nungwi kukata kuingia Mkokotoni ni sawa, lakini mtu akikupigia yuko Makunduchi kusini na wewe uko Matemwe kaskazini mwambie ukweli, mpe mwenzako. Tuna kundi letu la wasapu la madereva, anaeshusha upande huo ndo anachukua, na anaechukua anamtumia aliemuunganisha kitu kidogo kwa simu. Bila hicho kidogo kundi lilikuwa salamu na dua tu, baada ya hapo watu wakaamka.

Tarehe 10 mpaka 16 hivi za mwezi wa Kiislamu dagaa hakuna na mwani bado unavunwa au uko juani, hapo nategemea kreti tupu za soda, nazi na mihogo, bei ndogo lakini haikosi. Masika ndo mtihani, mwani haukauki na barabara za ndani ni tope, wakati huo nafanya za mjini mjini, bandarini kwenda Mwanakwerekwe na Fuoni, gari inapata sevisi na utingo anakwenda kwao Pemba.