Mabega yaliacha kuuma nilipobana mgongo

Miaka yote nilivaa sidiria ya 42C: namba ni ya mkanda unaozunguka mwili, herufi ni ya ukubwa wa kikombe. Mikanda ya mabegani ilinichimba hadi kuacha alama, nami nikazidi kuikaza. Kumbe tatizo lilikuwa mgongoni: mkanda wa nyuma ulilegea na kupanda juu, ilhali huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito.

Nikajipima kwa futi ya fundi cherehani. Chini ya matiti inchi 38, kupitia kwenye matiti yenyewe 44. Tofauti ya inchi 6, kwa vipimo vya Uingereza, ni kikombe E. Mimi, E? Nilicheka.

Nilipojaribu 38E nilifunga kulabu za nje kabisa, zile zinazolegeza zaidi, maana mkanda hulegea kadiri unavyovaliwa, nami nibaki na nafasi ya kuukaza baadaye. Nikainama, nikaingiza hata nyama za kwapani. Waya ukatulia mbavuni.