Siku moja ya mwezeshaji wa mipango shirikishi, Kibosho

Saa 12:00 asubuhi ninapanda Hiace mjini Moshi kuelekea Kibosho, nikiwa na karatasi za bangokitita, kalamu za wino mzito na kilo moja ya maharage.

Saa 2:00 ninamuuliza mtendaji wa kijiji kama tangazo la mkutano limefika vitongoji vyote. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, na asiyepata taarifa amekwisha kunyimwa haki hiyo.

Saa 4:00 tunagawanyika: wazee, akina mama na vijana, kila kundi mahali pake, maana nimeona mara nyingi msichana akinyamaza mbele ya baba zake. Akina mama wanachora ramani ya kijiji ardhini. Majani ya masale ni mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya familia. Mstari wa majivu ni mfongo, mfereji unaoshusha maji kutoka mlimani. Mama mmoja anainama na kuufuta mstari huo kwa kiganja, kuanzia shuleni kwenda chini. Kwenye ramani ya wazee, ambao wengi wao wanaishi juu ya shule, mfongo unafika hadi bondeni bila kukatika.

Saa 8:00, baada ya chakula, Mkutano Mkuu unaanza. Rasimu ya mpango wa kijiji iliyoandaliwa mapema imeweka ukarabati wa ofisi ya kijiji kuwa kipaumbele cha kwanza. Ninaomba watu wazizunguke ramani hizo mbili kwanza.

“Mama, mbona hamkutuambia?” anauliza mzee mmoja.

“Hatukuulizwa, meku.”

Kisha kila mjumbe anaingia darasani peke yake na kutumbukiza punje moja ya maharage katika kopo la kipaumbele anachokitaka, kwa kuwa kunyoosha mkono mbele ya jirani unayemdai au anayekudai si uhuru kamili. Mfongo unaongoza.

Saa 11:00 muhtasari unasomwa kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, kisha utapelekwa kamati ya maendeleo ya kata na halmashauri ya wilaya. Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Nimewahi kufanya kazi katika kijiji kilichochagua maji kikaletewa kitu kingine, wala hakuna aliyerudi kueleza sababu. Nilipoitisha mkutano uliofuata, viti vingi vilibaki vitupu.

Yule mama ananiuliza nitarudi lini na majibu. Ninaandika tarehe kwenye bangokitita, naye anashika karatasi huku mtendaji akiigongomea mlangoni pa ofisi.