Nilivyoizoea "get cracking" bila kumwudhi mgeni

Kazi yangu ni kutembeza wageni, zaidi Ziwa Ngozi na Hifadhi ya Kitulo. Waingereza wana msemo wao wa asubuhi kabla gari halijaondoka Mbeya mjini: "Right, let's get cracking." Kamusi chini ya "crack" ilinipa ufa na kupasuka, sikupata msaada wowote. Msemo huu unaeleweka ukiyachukua maneno yote mawili kama neno moja: kuanza kazi, tena kuianza kwa kasi. Kwetu iliyo karibu nao ni "haya, twende kazi".

Kinachobadilika ni "get" peke yake. Ya jana ni "we got cracking at six", na hiyo six ni saa kumi na mbili yetu. Ukiichukua kama saa sita, gari litakuacha. "Cracking" haiguswi. Ukiitenga na kuiweka mbele ya jina, kama "a cracking view", imeshakuwa sifa: mandhari safi sana.

Nilikokosea muda mrefu ni kwenye kutaja kazi yenyewe. Kiswahili kinasema kuanza kupika, nami nikawa nasema "get cracking to cook". Haiendi hivyo. Kazi inakuja baada ya "on" au "with": "let's get cracking on lunch", "get cracking with the tents". Tena kazi iwe bado haijaanza. Mkiwa katikati ya msitu wa Ngozi, mmepumzika mkanywa maji na sasa mnaendelea kupanda, Mwingereza atasema "let's crack on". Tofauti yake ni kama ya "Hapa Kazi Tu" na "Kazi Iendelee": ya pili inadai kuna kazi ambayo tayari iko njiani.

Matamshi yana mitego miwili. Huku kwetu wengi tunachanganya r na l, na "clacking" ni neno jingine kabisa, mlio wa vitu vinavyogongana. Tena tunapenda kumalizia na irabu, "krakingi". Dawa ya mwisho huo tunayo wenyewe: ni ng' ya ng'ombe. Tamka ng' hiyo kisha nyamaza, usiongeze i. Ile a ya katikati iko kati ya a na e yetu. Mimi hufungua mdomo kama wa a huku nikikusudia e. Nilirudia mara kumi kila asubuhi nikipakia mizigo, na nilianza polepole, maana ukiharakisha l inarudi.

Kubwa kuliko yote ni unayemwambia. "Get cracking!" peke yake ni amri, kama kumwambia mtu "changamka!" Nani atamwambia hivyo mzee anayestahili shikamoo? Nilimwambia hivyo mgeni mwenye mvi aliyekuwa akifunga kamba za viatu, akadhani namlaumu kwa uzembe. Kiingereza hakina shikamoo, lakini heshima kinayo. Hapa imejificha kwenye "let's", inayomweka msemaji naye kazini. Siku hizi natanguliza sababu, kisha natumia "we'd better", yaani afadhali tufanye hivyo. Kitulo wakati wa maua, kuanzia Novemba hadi Aprili, ni msimu wa mvua, kwa hiyo sababu haikosekani: "It may rain this afternoon, so we'd better get cracking." Hapo hata mzee anainuka akicheka.

Kwenye barua ya maombi au ripoti ya ofisi siuandiki kabisa, ni lugha ya mdomoni. Huko naandika "we will start as soon as possible". Kwenye ujumbe wa simu kwa mgeni tuliyekwisha kuzoeana, nauweka bila wasiwasi.