Kushikanisha pamba kwa maji: mradi wangu hapa Bukavu, mwezi wa tatu tangu nianze

Jumamosi. Leo kwa mara ya kwanza nimeshika kipande nikakivuta kwa mikono miwili na hakikuachana. Sentimita 20 kwa 20, pamba tupu, hakuna gundi, hakuna sindano, ni maji peke yake yameshikanisha. Nimeenda kumuamsha yaya, ndugu yangu mkubwa, saa moja asubuhi na yeye avute, akavuta kwa nguvu zake zote, akasema "kumbe!" akakigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha.

Kwa asiyejua kazi yenyewe: vile vitambaa laini vya kupangusia watoto, vya kwenye pakiti, vingi havikufumwa. Viwandani wanatandaza nyuzi kama utando juu ya wavu, wanaupitisha chini ya mstari wa vitundu vidogo sana, vya 0.08 mpaka 0.15 mm hivi, maji yanatoka kwa presha, wanaanza pole pole kama baa 30 (baa ni kipimo cha presha) halafu wanapanda mpaka 200 na kuzidi, na kila mchirizi unasukuma nyuzi za juu ziingie chini, zinajikunja, zinazungukana na nyingine mpaka haziachani tena. DuPont ya Marekani walianza kuuza ya kwao kwa jina Sontara miaka ya 1970. Mimi nina pompi ya kuoshea magari tu, ya papa mmoja mwenye lavaji (mahali pa kuoshea magari) hapa mtaa wa Panzi, ananiachia kuanzia saa kumi na moja asubuhi mpaka saa moja kabla wateja hawajaanza kuja, na saa hizo kuran (umeme) nayo inakuwa na nguvu.

Kichwa cha kutolea maji kimenila mwezi wa kwanza wote. Fundi mmoja wa pete na heleni alinitobolea bamba la shaba njano vitundu 16 vya 0.3 mm, mstari mmoja, milimita moja moja. Kwa nini 16? Kwa sababu pompi inatoa lita 6 hivi kwa dakika, na tundu la 0.3 mm kwenye baa 80 linakula karibu theluthi ya lita kwa dakika, ukiongeza vitundu presha inaanguka. Mara ya kwanza kuwasha, maji yakatoka meupe kama moshi, yanatawanyika, utando ukaruka ukabandika ukutani. Nikaangalia bamba kwa lenzi nikaona upande wa ndani, pale maji yanapoingilia, kila tundu lina vinyuzi vya shaba vilivyobaki baada ya kutoboa. Nikasugua na msasa wa maji, ule laini kabisa, jioni mbili nzima, kwa sababu mdomo wa kuingilia lazima uwe mkali na safi. Nilipowasha tena maji yalitoka kama vijiti vya kioo, unaona mpaka mwanga unapita ndani. Nilisimama nayaangalia tu. (Ukijaribu, usipitishe kidole pale hata mara moja hata kama umevaa glavu, maji ya presha hiyo yanaingia ndani ya ngozi na hiyo ni kesi ya kukimbizwa kwa dokta wa kupasua, si ya bandeji.)

Nyuzi sasa. Nilitaka sana nyuzi za mgomba kwa sababu hapa Kivu migomba iko kila mahali. Zimekataa. Ni ngumu, maji yanazilaza, yakipita zinarudi vile zilivyokuwa, hazijikunji. Pamba ghafi pia imenisumbua, ina nta yake ya asili, maji yanateleza juu. Pamba ya farmasi ndiyo imekubali, ile imeshatolewa nta, inakunywa maji mara moja. Naichana na brosi mbili za waya, natandaza tabaka nne, moja kwa urefu moja kwa upana, napima kwenye mizani ya dhahabu ya jirani: gramu 2.4 kwa kipande, yaani gramu 60 kwa mita mraba.

Halafu ndiyo shida iliyonichelewesha wiki tano, na kumbe nilikuwa naitafuta pasipo. Kipande kilikuwa kinashika juu juu, chini kinabaki pamba tu. Nikadhani presha ni ndogo, nikapandisha, nikapata matundu na bado hakishiki. Papa wa lavaji alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai, akaniambia: "Mwanangu, unapiga maji juu ya maji." Nikainama nikaangalia kwa pembeni, kweli, juu ya wavu kulikuwa na kidimbwi cha nusu sentimita, mchirizi unafika pale unakufa kabla ya kugusa nyuzi. Viwandani chini ya wavu kuna mfumo wa kunyonya, nilikuwa nimesoma hilo nikaliruka nikidhani ni la kukaushia tu! Kazi ni maji yaingie, yagonge wavu, yarudi kidogo yakizungusha nyuzi, halafu YAONDOKE.

Akaniazima aspirateri yake ya kunyonya maji kwenye makapeti ya gari. Nimefunga boksi la plastiki chini ya wavu, bomba limeingia pembeni, wavu unatembea juu ya reli za droo. Nalowesha kwanza kwa presha ndogo, napita ukanda kwa ukanda kwa sababu mstari wa vitundu ni sentimita moja na nusu tu, kila ukanda mara nne kwa baa 80, nageuza, mara nne tena. Hicho ndicho kipande cha leo. Upande wa chini kimebeba alama ya wavu, vijicho vidogo vidogo mstari kwa mstari, kama kimefumwa kweli.

Kimebaki na mistari dhaifu, mmoja kwa kila ukanda, ukivuta kwa upana kinaanza kuachia hapo. Tundu la 11 limeziba. Nayarudisha maji kutoka bido la lita 20 na yanarudi na vumbi la pamba, nachuja kwa kitambaa lakini kitambaa hakitoshi, natafuta filtre ya mafuta ya pikipiki nijaribu nayo.

Yaya amekiosha kwa sabuni mara tatu, akakikamua. Pembeni kimetoa manyoya, katikati kiko sawa. Sasa kiko kwenye kamba, na ameniambia anataka vingine sita vya jikoni.