Kabla Hujamnunulia Mtoto Kopo la Virutubisho vya Chunusi

Tangu nianze kufundisha baiolojia sekondari hapa Mtwara, hakuna swali la nje ya mtaala ninaloulizwa mara nyingi kama la chunusi, na siku hizi swali lenyewe limebadilika: zamani wanafunzi waliuliza wapake nini, sasa wanauliza wameze nini. Makopo ya virutubisho yanatangazwa kwenye magrupu ya WhatsApp na kupita mkono kwa mkono hadi mabwenini, na bei ya baadhi yake ni mzigo kwa mzazi ambaye bado anasubiri malipo ya mnada wa korosho. Vijana hawa na wazazi wao wanastahili kuambiwa wazi ni kidonge kipi chenye ushahidi, ushahidi huo una uzito gani, na ni kipi kinachoweza kuwaongezea matatizo.

Chunusi huanza wakati homoni za balehe zinapozichochea tezi za mafuta zilizo ndani ya ngozi. Mafuta yanayozidi huchanganyika na seli zilizokufa na kuziba kinyweleo; bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye huishi kwenye ngozi ya watu wote, huongezeka ndani ya tundu hilo, na mwili hujibu kwa uvimbe, maumivu na usaha. Kwa hiyo chunusi hazitokani na damu chafu, wala hazisubiri ndoa ndipo ziishe, kama mabinti wengine wanavyoambiwa na watu wazima ambao walipaswa kuwafariji.

Miongoni mwa virutubisho vyote vinavyotajwa, zinki ndiyo yenye hoja ya maana. Watafiti wa Sweden walianza kuwapa wagonjwa wa chunusi zinki katika miaka ya 1970, na mwaka 2001 daktari wa ngozi Brigitte Dréno wa Ufaransa na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha wagonjwa 332, ambapo kundi moja lilipewa zinki miligramu 30 kwa siku na jingine likapewa minosaiklini, ambayo ni antibayotiki, miligramu 100. Baada ya miezi mitatu, waliopata nafuu ya kuridhisha walikuwa takriban asilimia 31 upande wa zinki na asilimia 63 upande wa antibayotiki. Mimi nazisoma takwimu hizi hivi: zinki huenda ikamsaidia mtu mwenye chunusi za kiasi, lakini ni msaidizi dhaifu, na anayeinunua akitarajia uso laini baada ya wiki mbili ameuziwa matumaini.

Tatizo kubwa zaidi ni kipimo. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniletea kopo lake baada ya vipindi. "Shikamoo madamu. Eti hii inatosha, au ninywe viwili viwili?" Tulikaa tukasoma maandishi pamoja. Mbele ya kopo iliandikwa miligramu 50 kwa herufi nene, lakini nyuma, kwa herufi ndogo sana, ilielezwa kuwa hizo ni miligramu 50 za glukoneti ya zinki, yaani chumvi ya kikemia inayoibeba zinki. Zinki halisi ni kama asilimia 14 tu ya glukoneti, kwa hiyo kila kidonge kilikuwa na miligramu 7 hivi, yaani chini ya robo ya kipimo kilichotumika katika utafiti wa Ufaransa. Kuna pia vidonge vya salfeti ya zinki vya miligramu 220, ambavyo ndani yake mna zinki halisi ya miligramu 50, ilhali kikomo ambacho wataalamu wa lishe wa Marekani wamekiweka ni miligramu 40 kwa siku kwa mtu mzima na 34 kwa kijana wa miaka 14 hadi 18. Namba ya mbele ya kopo, basi, haitoshi kumwongoza mtu. Ni lazima kujua kama inataja zinki yenyewe au chumvi iliyoibeba.

Zinki ikizidi kwa muda mrefu huuzuia mwili kufyonza madini ya shaba, na upungufu wa shaba huleta upungufu wa damu na kudhuru neva. Ikinywewa kabla ya kula huleta kichefuchefu. Aidha, ikimezwa pamoja na doksisaiklini, ambayo matabibu wengi huwaandikia wenye chunusi, hushikamana nayo tumboni na kupunguza nguvu ya dawa, hivyo ni lazima ziachane kwa saa mbili au zaidi. Akina mama wanakifahamu kidonge cha zinki cha miligramu 20 wanachopewa kliniki mtoto anapoharisha. Nimesikia vijana wakikitumia hicho kwa sababu ni rahisi kupatikana. Kidonge hicho kimekusudiwa kutumika siku 10 hadi 14 tu, na si busara kumpunguzia mtoto mgonjwa dozi yake kwa ajili ya uso wa kaka yake.

Kwa mtu anayehofia upungufu wa zinki, sisi watu wa Kusini hatuna sababu ya kuanzia kwenye kopo. Gramu 100 za korosho zina zinki kati ya miligramu 5 na 6, ufuta unaolimwa Lindi una zaidi ya 7, na mahitaji ya kijana kwa siku ni miligramu 9 kwa msichana na 11 kwa mvulana. Ni kweli kwamba zinki ya mbegu na nafaka hufyonzwa kwa shida kuliko ya samaki na nyama, na ugali wa mhogo peke yake hauna zinki ya kutosha, kwa hiyo pweza, dagaa na nyama bado vina nafasi yake. Chakula hiki hakitibu chunusi. Humwondolea tu mtu sababu ya kumeza vidonge kwa hofu.

Vitamini A ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Wauzaji husema kuwa dawa kali ya chunusi, isotretinoini, ni ya jamii ya vitamini A, na hilo ni kweli. Lakini dawa hiyo hutolewa kwa usimamizi wa daktari kwa sababu huharibu mimba. Vitamini A ya vidonge ikizidi nayo hudhuru ini na mtoto aliye tumboni, na kikomo chake kwa mtu mzima ni maikrogramu 3,000 kwa siku. Vitamini B12 kwa dozi kubwa, hasa ya sindano, imewahi kuwaletea watu chunusi ambazo hawakuwa nazo, na vijana wanaonyanyua vyuma wajue kuwa unga wa protini ya maziwa nao umehusishwa na chunusi kuchachamaa. Mafuta ya samaki yana tafiti ndogo zenye matumaini, lakini mwenye kula vibua mara kwa mara tayari anayapata.

Tiba yenye ushahidi wa kutosha bado ni ya kupaka: benzoili peroksaidi, adapalini, au zote mbili, kiasi cha punje ya mbaazi kwa uso mzima, kwa wiki 8 hadi 12 kabla ya kuamua kwamba imeshindwa. Krimu za kujichubua zenye steroidi ziachwe kabisa, kwani zenyewe huzalisha chunusi. Mwenye uvimbe mkubwa wa ndani, au ambaye makovu yameshaanza kuonekana, asisubiri wiki hizo. Aende hospitali ya Ligula hapa Mtwara au nyingine iliyo karibu naye, aombe kuelekezwa kwa tabibu wa ngozi (kituo cha kuwafundisha matabibu hao kipo Moshi tangu miaka ya 1990), na achukue makopo yote anayotumia ili yasomwe kabla hajaandikiwa dawa nyingine.