Bibi yangu na mama wa Kimaori

Leo mchana kazini, hapa Auckland, New Zealand, nimekula na mama mmoja wa Kimaori, wenyeji wa asili wa nchi hii, mwenye moko kauae, tatoo ya kidevuni inayobeba ukoo wake. Nikamwonyesha picha ya marehemu bibi yangu wa Newala, uso umejaa chale za Kimakonde. Ngozi ilichanjwa kwa kisu, ikapakwa unga wa mkaa. Akaishika simu kwa mikono miwili: nani alimchanja? Akiwa na umri gani? Nilifurahi mno, maana wengine huniuliza tu kama iliuma!

Akanisimulia kuhusu Nanaia Mahuta, mwanasiasa wa Kimaori aliyechorwa moko kauae yake mwaka 2016 akiwa mbunge, na mwaka 2020 akawa waziri wa mambo ya nje.

Wamakonde wenzangu, mwenye picha za bibi zetu anitumie. Mama huyu anataka kuziona zote.