Saini Iliyo Chini ya Picha za Brenda Starr

Ninapotazama katuni za kale za magazeti ya Marekani, jicho langu hutua kwanza kwenye saini, na hakuna saini iliyonifikirisha kuliko ile ya Dale Messick chini ya vituko vya mwandishi wa habari Brenda Starr. Mchoraji huyo, aliyezaliwa mwaka 1906 South Bend, Indiana, aliitwa Dalia. Alijibadilisha jina kwa makusudi, ili mhariri apokeapo michoro asijue mara moja kwamba imetoka kwa mwanamke.

Hila hiyo haikumfikisha mbali. Joseph Medill Patterson, aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya katuni zilizosambazwa na Chicago Tribune, hakumtaka mchoraji wa kike. Msaidizi wake, Mollie Slott, ndiye aliyekitambua kipaji katika kazi iliyokataliwa, akamshauri Messick amgeuze shujaa wake, ambaye awali alikuwa jambazi, awe mwandishi wa habari. Katuni ilianza tarehe 30 Juni 1940, tena Jumapili tu, na gazeti la Patterson mwenyewe la New York, Daily News, halikuichapisha hadi alipofariki.

Brenda, ambaye nywele zake nyekundu ziliigwa kwa mwigizaji Rita Hayworth, aliajiriwa na gazeti la kubuni liitwalo The Flash, ingawa sina hakika mshahara wake ulilipwa kwa kazi gani, kwa maana muda mwingi alikuwa akiruka kwa parachuti, akitekwa nyara au akinusurika kufa kwa baridi thelujini. Waandishi wa kike wa kweli walipomlalamikia Messick kwamba maisha yao hayafanani kabisa na hayo, aliwajibu kuwa angeyachora maisha yao yalivyo, asingepata msomaji. Jibu hilo nalipenda, japo linauma kidogo.

Kuhusu mapenzi ya Brenda na Basil St. John, yule bwana wa kitambaa cheusi jichoni aliyeishi kwa dawa ya okidi nyeusi, itoshe kusema kwamba walioana mwaka 1976, na Rais Gerald Ford akatuma salamu za pongezi.

Messick aliacha kuichora mwaka 1980. Hadi katuni ilipokoma tarehe 2 Januari 2011, walioiendeleza walikuwa wanawake, wakiwamo Ramona Fradon, June Brigman na Mary Schmich, na majina yao ya kike yalichapwa waziwazi.